Kiko Kimoja, Vifua Viwili

Mama yangu uliyelala kule juu ya Shasha,

Kesho tunaondoa matanga yako. Mwaka umezunguka. Kaka Bauma amekwisha kufunga shitingi, lile turubai la kivuli, uani, wamama wa kanisa wamechambua maharagi, na mutobe, yale maji matamu ya ndizi uliyopenda, yanakamuliwa tangu asubuhi. Mie nimefika jana kutoka Pinga, mgongo wote umevunjika kwa pikipiki. Hata sijanawa vumbi, kaka akanivuta pembeni kuniambia neno moja: Mama Riziki asikanyage hapa. Akikanyaga, alisema, vijana wa kilima watajua la kufanya. Nikamtazama usoni, nikamjibu kwamba atakanyaga, na atakanyaga akiwa ameshika mkono wangu. Njo maana nakuandikia. Barua hii nitaisoma kesho mbele ya watu wote, wasikie yote kwa mara moja, na mwenye kutaka kukasirika akasirike akiwa ameketi.

Unakikumbuka kiko chako? Kile cha udongo mweusi, ambacho mrija wake uliutafuna mpaka ukawa mfupi kama kidole. Tumbaku uliilima mwenyewe nyuma ya nyumba, majani ukayatundika juu ya mafiga yakauke kwa moshi. Ukitoka shambani uliweka jembe, ukaketi kwenye kizingiti, ukanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mie nilijua. Niliingia jikoni, nikashindilia tumbaku, nikaokota kaa la moto kwa vidole, nikaliweka juu, nikavuta mpaka moshi ushike. Kwetu mtoto mwenye adabu hamletei mzazi kiko baridi, anamletea kikiwa kinawaka. Siku ya kwanza nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na weye ulicheka, ukanipigapiga mgongoni.

"Vuta kidogo, mutoto wangu. Usimeze moshi."

Sasa nani anaweza kuvuta bila kumeza? Nilimeza. Wasichana wote wa kilima kile walimeza, na hakuna mtu aliyeona ubaya. Ilikuwa kazi ya nyumbani tu, sawa na kuchota maji.

Kikisha kuwaka, Mama Riziki alikuwa amefika. Shamba lake lilipakana na letu, na pua yake ilijua saa ya kiko kuliko saa ya misa. Aliketi karibu yako, bega kwa bega. Ulivuta, ukampa, akavuta, akakurudishia. Hamkupangusa mrija hata siku moja. Mliongea mpaka maharagi yakaungua, halafu mkaniuliza mie kwa nini sikuyaangalia. Na vita ilipotukimbiza wote, mlikimbia pamoja. Yeye alibeba nguo zako na zake kichwani, weye ulibeba mtoto wa kaka mgongoni na kiko kwenye kifua. Watu walikucheka, kwamba mwanamke gani huyu anaacha sufuria anaokoa kiko. Ulijibu kwamba sufuria zinauzwa kila soko, lakini kiko kama kile nani angekufinyangia. Kule kambini tumbaku ilipokosekana mlivuta majani ambayo sijui hata leo yalikuwa majani ya nini. Mlikohoa wote wawili, mkacheka wote wawili.

Vita haikukuweza, Mama. Nataka hilo lisikike kesho. Risasi zilikukosa, kipindupindu kilikukosa, njaa ilikuja ikakuta umekwisha kupanda viazi. Mtu wa namna yako hafi ovyo. Njo maana sikubali wadanganye juu ya kifo chako.

Kikohozi kilianza mvua za masika, mie nikiwa Pinga na bwana yangu. Habari yangu ya kwanza ilitoka kwa dereva wa pikipiki, aliyesema Mama anakohoa kidogo. Mara ya pili alisema umekonda. Muuguzi wa kituo cha afya alichukua makohozi yako, akatafuta kifua kikuu, hakukiona. Akawaambia waziwazi wakupeleke Goma, wakuangalie ndani ya kifua. Alisema maneno mawili, na watu wetu walisikia moja tu: si kifua kikuu. Basi ikawa imekwisha. Unajua weye mwenyewe vile tunavyowaza kwetu. Ugonjwa ambao kipimo cha kituo hakikuuona si ugonjwa wa hospitali, ni ugonjwa wa watu. Na ugonjwa wa watu una jina moja kwenye kila mdomo: karuho. Ile sumu ya polepole ambayo kila mtu anaiongelea na hakuna aliyeishika mkononi.

Ikishasemwa karuho, lazima apatikane mwenyewe. Nani alikula naye? Nani alikunywa naye? Nani alikuwa anampa kitu kutoka mdomoni mwake? Kaka Bauma hakuhitaji kufikiri sana. Kiko kile kile cha urafiki wenu kikageuka ushahidi. Walisema sumu iliwekwa kwenye mrija. Vijana wakapanda kwa Mama Riziki, wakang'oa mabati ya nyumba yake, wakakata migomba yake. Alishuka kilima na ndoo moja kichwani mpaka Bweremana, kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mezani kwa mtu. Na weye hawakukuambia. Walikuambia kwamba amesafiri kumuona binti yake.

Halafu wakakupeleka kwa yule mzee wa bondeni mwenye kutapisha watu. Alikunywesha majani yake mpaka ukatapika damu. Siku nyingine akawaonyesha kitu cheusi ndani ya beseni, akasema njo karuho yenyewe, imetoka, Mama atapona. Watu wakapiga magoti wakamshukuru Mungu. Mie niliposikia nilisema, eh, kama mtu anatapika majani meusi aliyonyweshwa, beseni litakuwa na nini kingine? Lakini nilikuwa mbali, na mdomo wa mbali hausikilizwi. Weye ulibaki kule kwenye mkeka miezi ile ambayo ungepaswa kuwa Goma.

Nilipofika ulikuwa mifupa na macho. Macho yalikuwa yale yale. Nikagombana na kaka uani mpaka majirani wakasimama njiani. Aliniambia mie ni mwanamke niliyeolewa mbali, mambo ya boma hayanihusu. Nikamjibu ni kweli nimeolewa mbali, na bwana yangu wa mbali amenipa lori, liko barabarani linaunguruma, na Mama anapanda sasa hivi. Tukakupakia juu ya magunia ya maharagi, ukalala kama malkia. Unakumbuka kwenye bariyeri ya kwanza, kile kizuizi cha barabarani? Askari alipanda kutafuta cha kuchukua. Ukamkoholea kikohozi kimoja kirefu kutoka tumboni. Alishuka mbio, akafungua kamba mwenyewe. Ukanikonyeza. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na lori likaenda.

Goma walikulaza ndani ya ile mashine ya duara wanayoita skaneri. Dokta alikuwa mpole, mtu wa kuongea polepole. Alivuta kiti akaketi karibu na kitanda chako, hakusimama juu yetu. Kaka Bauma naye alikuwa ametufuata kwa pikipiki, amesimama mlangoni, mikono kifuani. Dokta akasema ni kansa ya mapafu. Imeanzia upande mmoja, imevuka upande wa pili, imefika kwenye ini. Kupasua haiwezekani tena. Kaka akamkatiza, akasema ni karuho na kila mtu anajua. Dokta hakubishana. Alikuuliza weye, si yeye.

"Mama, ulianza kuvuta lini?"

"Mbele ya kuolewa," ukajibu, na ukajivuna kidogo.

Akaniangalia mie, akaniuliza kama navuta. Nikasema hapana, mie mtu wa kwaya. Na weye, mgonjwa wa kufa, ukafungua jicho moja. Ukamwambia dokta asinisikilize, ukasema: huyu alikuwa ananiwashia kiko tangu hana meno ya mbele, na mpaka leo anavuta nyuma ya ghala ya bwana yake akidhani Mama haoni mpaka Pinga. Nilitamani sakafu inimeze. Dokta hakucheka. Akakuuliza nani mwingine alivuta pamoja na weye.

"Mama Riziki," ulisema. "Tulikuwa na kiko moja."

Jina ambalo nyumbani lilikuwa linatemewa mate, weye ulilitaja vile ulivyolitaja siku zote. Kaka akageukia ukuta. Dokta akauliza kama na yeye anakohoa. Ukasema hapana, yeye iko muzima kabisa, anabeba ndizi mkungu mzima kichwani.

"Njo huyo namutaka," dokta akasema. "Tukingoja akohoe, tutakuwa tumechelewa tena."

Akatueleza taratibu. Kitu kile hakikuanza na kikohozi. Kilikuwa ndani yako muda mrefu weye ukilima, ukicheka, ukipanda mlima. Mtu aliyevuta miaka mingi na umri wake umekwenda, anapaswa kuangaliwa wakati bado anatembea kwa miguu yake, kwa skaneri ya mwanga mdogo. Radio ya kifua, ile picha ya kawaida, inaweza kukiacha kikiwa kidogo. Kikionekana kikiwa kidogo na mahali pamoja, kinaweza kukatwa. Si kila mtu wa kupimwa, alisema. Asiyevuta abaki nyumbani, mtoto abaki nyumbani, maana mashine nayo si mchezo. Lakini wa kiko kile, waje.

Ukaniuliza Mama Riziki iko wapi, kwa nini hajaja kukuona. Kaka alinitazama ninyamaze. Sikunyamaza. Nilikuambia mabati, nilikuambia migomba, nilikuambia sambaza. Mama, vita yote sikukuona ukilia. Pale ulilia, bila sauti, machozi yakaingia masikioni kwa sababu ulikuwa umelala chali. Kisha ukanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua zimebaki.

"Muende mumuambie. Mumuambie akapimwe."

Ulisema muende, weye ukitutazama wote wawili, mie na kaka. Kaka akatoka nje. Basi neno likabaki langu peke yangu, na nililibeba.

Ulitaka kufia nyumbani, tukakurudisha. Ulikwenda asubuhi moja ya soko, ziwa likionekana lote chini bila ukungu, na mie nilikuwa ninakuosha miguu. Kwenye kaburi kaka alisimama akasema Mama ameuawa na mikono mibaya. Na mie nikasimama. Nikasema Mama ameuawa na moshi na kuchelewa. Wamama wakanivuta kitenge wakaniketisha, wakisema uchungu umenipanda kichwani. Uchungu ulikuwepo, ndiyo. Lakini nilichosema nilikijua.

Nikashuka Bweremana. Nilimkuta Mama Riziki kando ya ziwa anaanika sambaza juu ya turubai, amezeeka kwa msimu mmoja. Aliponiona aliinama, akaendelea kutandaza samaki. Alifikiri nimekuja kumtukana. Nikaketi chini kwenye mchanga nikamwambia maneno yako, vile vile ulivyoyasema. Akalia mpaka akaacha samaki wakaliwa na kuku. Nikadhani basi, tunaenda. Lakini akafuta uso na kitenge, akakataa.

"Wakipata ile kitu mu kifua yangu, watasema sumu yangu imenirudilia. Wataniua, Furaha."

Na alikuwa na haki, Mama. Kwetu watu wangesema hivyo hivyo. Kwenda hospitali mtu akiwa mzima wanasema ni kutafuta ugonjwa, kuuita kwa jina ufike. Kwake yeye ilikuwa mbaya zaidi: mashine ikimkuta mzima, watasema kweli alijilinda kwa dawa yake, ikimkuta mgonjwa, watasema dawa yake imemgeukia. Nikamwambia kwamba kwa mdomo wamekwisha kumuua, nyumba hana, shamba hana, analala kwenye harufu ya samaki wa watu. Analinda nini tena? Nikamwambia na mie nitalala ndani ya mashine hiyo hiyo, maana kiko nilikijua kabla yake. Akachora mchangani kwa kidole. Kisha akauliza kama ile mashine inauma. Nikajua nimemshinda.

Hospitalini walituuliza tunaumwa wapi. Tukasema hatuumwi. Mwenye kuandikisha akatutazama juu mpaka chini, akasema wengine wanafika hapa wakiwa wamebebwa kwa machela, na nyie wamama mumekuja mukitembea, mukitafuta nini. Nikamwambia tunatafuta kile kitu kabla hakijatutafuta. Akacheka, akatuandika. Ndani ya mashine kuna sauti inayokuambia vuta pumzi, shika, achilia. Nilivuta nikakukumbuka kwenye kizingiti, mkono umenyooshwa nyuma. Karibu nikohoe.

Kifua changu kilikuwa safi. Dokta aliniambia nirudi tena mwaka ujao, na niache kuvuta leo, si kesho. Nimeacha, Mama. Naota tumbaku usingizini, naamka na hasira, nawagombeza wateja wa bwana yangu bure, lakini nimeacha.

Cha Mama Riziki hakikuwa safi. Upande wa kuume, juu, palikuwa na kitu kama punje ya haragi. Nikatazama uso wa dokta, nikaona mtu anakaribia kutabasamu, nikataka kumpiga. Akatushika wote wawili mabega akasema ni kidogo, kimekaa peke yake, hakijatembea. Wakachukua kipande wakakipima, kweli ni kile kile kilichokuua. Wakamtuma ng'ambo ya mpaka kupasuliwa. Mie nilikwenda kumlinda, maana unajua mgonjwa hakai hospitali bila mtu wake. Nilimpikia uji, nilimwosha, nilimshika ubavu alipokohoa. Waliponiuliza mie ni nani kwake, nilisema binti.

Leo yuko hai. Ana kovu chini ya kwapa, pumzi ni fupi kwenye mlima, na kila baada ya miezi atarudi waangalie tena. Dokta hakutuahidi milele, na sisi hatukumuomba milele. Lakini anatembea, anakula, ananigombeza kwamba naweka chumvi nyingi. Weye ungekuwa pamoja naye, Mama. Hapo njo ninapoumia. Mngekuwa wawili, na makovu mawili, mnabishana nani alilia zaidi.

Na kaka Bauma alisema nini aliposikia? Alisema neno lile lile alilolitabiri Mama Riziki kwenye mchanga. Kwamba sumu imemrudilia mwenyewe. Amezunguka nalo kilima chote. Simchukii kaka, Mama. Alikupenda kuliko sisi wote, na mtu aliyefiwa hivyo anatafuta shingo ya kushika. Moshi hauna shingo. Lakini kumpenda kwangu hakutanifunga mdomo.

Kwa hiyo kesho nitamwambia hivi, na kilima chote kisikie. Mnasema sumu ilikuwa kwenye kiko. Sawa. Kwetu mwenye kutoa kinywaji anakionja kwanza, njo mgeni ajue ni salama. Kile kiko nani alikionja kwanza? Hakikufika kwa Mama, hakikufika kwa Mama Riziki, kabla sijakivuta mie. Mie niliyekishindilia, mie niliyekiwasha, kila jioni ya utoto wangu. Kama kulikuwa na mtu wa kutia kitu mle ndani, alikuwa mie. Haya, ng'oeni mabati yangu. Kateni migomba yangu. Mnishushe Bweremana na ndoo kichwani. Hamuwezi, kwa sababu mnajua ni uongo. Na kama ni uongo kwangu, ni uongo kwa yule aliyekuwa wa tatu kukishika.

Kilichokuua kilikuwa tumbaku yetu wenyewe, yenye kupandwa na mikono yetu, na kupewa watoto wawashe. Nasema hivyo bila kukutukana. Hakuna aliyekuambia. Mpaka leo kwenye vilima hivi hakuna anayemwambia mwanamke wa kiko kwamba kuna mashine ya kumwangalia akiwa bado mzima. Na hata akiambiwa, mashine iko Goma, na barabara unaijua. Hilo nalo linanikasirisha, na sitalinyamazia. Lakini tangu nirudi Pinga kutoka hospitali, wamama wanakuja kwangu mmoja mmoja, wakijifanya wanataka chumvi ao sabuni. Wananiita kwa jina la mtoto wangu, wananong'ona: Mama Neema, ile kitu inauma? Mie nawajibu kwa sauti kubwa. Nimechoka na kunong'ona. Gari la kwanza litakalopatikana, nawapakia juu ya magunia vile nilivyokupakia weye, tofauti ni kwamba wao watakwenda wakiimba.

Sasa jambo la mwisho, ambalo kaka anaogopa. Kwetu siku ya kuondoa matanga, kikombe cha kwanza anakimimina rafiki wa marehemu, na anakinywa binti mkubwa wa marehemu, yaani mie. Rafiki yako ni mmoja tu, hata wakiniletea wamama mia. Mutobe wa kesho ameukamua Mama Riziki, kule Bweremana, kwa mikono yake, na leo nimeupandisha mwenyewe mgongoni. Ule wa wamama wa kanisa utawanywesha wengine. Atasimama mbele ya watu wote, mbele ya vijana waliobomoa nyumba yake, na kikombe kitakuwa mkononi mwake. Najua atafanya nini, kwa sababu ana adabu na ana woga: atakipeleka mdomoni mwake kwanza, aonje, watu waone hafi.

Sitaki aonje. Mmevuta kiko kimoja miaka yote bila kupangusa mrija. Leo aanze kunithibitishia mie kwamba si muuaji?

Nikifika kwenye mstari huu, Mama, nitaikunja karatasi. Nitanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, vile ulivyokuwa unanyoosha kwenye kizingiti, na nitamwambia maneno mawili tu, kila mtu ayasikie: leta, usionje. Kisha nitakunywa mpaka chini, na nitabaki nimesimama pale wanitazame mpaka wachoke.

Lala salama, Mama. Neno lako limefika.

Ni mie, binti yako, niliyekuwa ninakuwashia.